Moyo Ulioelemewa na Haki Yake Juu ya Jumuiya

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa kumbukumbu ya Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)

  



Halmashauri imenipa heshima ya kusema maneno machache juu ya taabu za moyo, zile zimpatazo mtu kazini kwake, na mwanafunzi shuleni, na kila mmoja wetu ndani ya nyumba yake baada ya mlango kufungwa. Watu wa leo huziita msongo wa mawazo. Nilipokwisha kupewa jambo hili, mzee wangu mmoja aliniuliza kama hapakuwa na jambo la dini la kusemwa katika siku kubwa kama hii. Sikumjibu. Nilimwomba aje akae mbele, naye amekuja, na ninamshukuru.

Neno lenyewe lina habari yake. Siku hizi tukisema fulani ana hamu, twakusudia kuwa ana shauku: ana hamu ya pilau, ana hamu ya kusafiri. Walakini wazee wetu waliposema hamu na ghamu walikusudia majonzi, na ndivyo lilivyo neno hilo katika Kiarabu lilikotoka. Wanazuoni wakapambanua, wakasema kuwa huzuni ni ya jambo lililopita, hamu ni ya jambo lijalo, na ghamu ni ya lile lililoushika moyo sasa hivi. Mfanyabiashara aliyeunguliwa na mali yake ana huzuni. Mwanafunzi ambaye mtihani wa taifa u mbele yake ana hamu. Na dereva aliyekesha katika foleni ya mafuta, ilhali gari si lake na mwenye gari anamdai hesabu ya siku, huyo ana ghamu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akikithirisha kumwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni, na katika dua hiyo hiyo aliomba kinga ya kushindwa na uvivu, ya uoga na ubakhili, ya uzito wa deni, na ya kuzidiwa nguvu na watu. Tazameni alivyoyaweka mambo hayo pamoja. Deni limetajwa katika dua moja na huzuni, na kuonewa na watu kadhalika. Basi mtu asituambie kuwa taabu ya moyo haihusiani na mfuko wala na bosi wa kazini.

Katika mtaa wetu kuna maneno yasemwayo upesi mno. Mtu akinyamaza, akapungua mwili, akaacha kucheka na watu, huambiwa: imani yako imepungua, swali sana. Wallahi sala ni nguzo, wala hapana dawa inayoikalia mahali pake. Lakini maneno hayo, yakisemwa hivyo kwa haraka, humwongezea mgonjwa maradhi ya pili. Alikuwa na huzuni. Sasa ana huzuni, tena ana hofu kuwa Mola wake amemkasirikia.

Na ni nani aliyekuwa na imani kuliko Nabii Yakubu? Qurani yatueleza kuwa macho yake yaliingia weupe kwa kumlilia Yusuf. Mtume wetu naye, mnamo mwaka 619, alifiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib kwa muda mfupi, na wanazuoni wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Hawakuona haya kuuita hivyo. Mwaka 632 akafiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto ambaye hata kuachishwa ziwa alikuwa bado. Machozi yakamtoka. Sahaba Abdurrahman bin Auf akastaajabu, akauliza kama hata yeye Mtume analia. Akajibiwa kuwa hiyo ni rehema; kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhi Mola. Mpaka umewekwa hapo, kwenye ulimi. Haukuwekwa kwenye jicho, wala haukuwekwa kwenye moyo.

Niruhusuni nikae kidogo na Imamu Ghazali, kwa sababu habari yake ni habari ya kazi, nasi aghalabu twamjua kwa vitabu vyake, hatumjui kwa maradhi yake. Alizaliwa Tus katika nchi ya Khurasani mwaka 1058. Mwaka 1091, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, aliwekwa kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, kazi ambayo wanazuoni wengi wa zama zile waliitamani. Mwenyewe ameandika kuwa wanafunzi wake walikuwa mia tatu, na juu ya kuwasomesha alikuwa akitunga vitabu katika saa alizoziiba. Mtu akimtazama kwa nje angesema huyu amekamilikiwa na kila kitu.

Mwaka 1095, mwezi wa Rajabu, mambo yakaanza kumwelemea. Ameyaeleza haya kwa kalamu yake mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh. Kwa muda wa miezi sita hivi alivutwa huku na huku: asubuhi ataka kuiacha kazi, jioni hana nguvu ya kuiacha. Mwishowe ulimi wake ukafungwa. Alikuwa akijilazimisha asomeshe japo siku moja, kuwaridhi wale waliomjia, na neno halitoki. Kisha chakula kikawa hakishuki. Hata funda la maji likawa taabu kwake. Wakaletwa matabibu, nao hawakumwambia kuwa imani yake imepungua, wala hawakumtafutia aliyemroga. Walisema kuwa jambo hili limeshukia moyo, kisha likaenea mwilini, na halitapata dawa mpaka moyo upumzike na fadhaa iliyouingia. Ndipo akaiacha Baghdad. Aliigawa mali yake, akabakiza ya kumtosha yeye na watoto wake, akaenda Sham, na Baitul Muqaddas, na Hijazi. Hakurudi kusomesha madrasani mpaka mwaka 1106, huko Nishapur. Na katika miaka ile ya kuwa mbali na kazi ndipo alipotunga Ihya, kitabu ambacho masheikh wetu wakisomesha mpaka leo.

Mzee wangu, ikiwa Hujjatul Islam ulimi wake ulifungwa kwa kuelemewa, tutamwambiaje mwalimu wa shule ya Buyenzi, mwenye darasa la watoto walioketi wanne wanne katika dawati moja, kuwa yeye kuchoka ni dhambi?

Najua mtakaloniuliza. Ghazali alikuwa na mali ya kugawa, na ya kubakiza. Fundi wa gereji hapa mtaani akiacha spana siku tatu, watoto hawali siku ya nne. Mvuvi naye hungoja giza la mwezi apate kutoka na taa zake kwenda kuvua ndagala, na giza la mwezi halimngojei apumzike. Ni kweli. Safari ya Sham si dawa ya kila mtu. Kwa hiyo nitawaletea mtu mwingine, ambaye dawa yake haihitaji nauli.

Huyu ni Abu Zaid Al-Balkhi. Alizaliwa karibu na mji wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistan, mnamo mwaka 850, akafariki mwaka 934. Katika ujana wake alikwenda Iraki kutafuta ilimu, akasoma kwa Al-Kindi, kisha akarejea kwao. Alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, sehemu mbili katika kitabu kimoja, na katika dibaji ya mambo yake alieleza kwa nini amezichanganya: mwili ukiugua, nafsi hukosa raha na akili huwa nzito, na nafsi ikiugua, mwili hukosa ladha ya chakula na usingizi. Akaeleza tena jambo ambalo mimi naliona kubwa. Alisema mtu aweza kuishi asipatwe na ugonjwa mkubwa wa mwili, ama nafsi hapana asiyepatwa na mambo yake. Na watu hutofautiana kwa wingi na uchache tu. Nakala za maandishi ya mkono ya kitabu hicho zilihifadhiwa Istanbul, na mwaka 2013 sehemu ile ya nafsi ilitolewa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, Mungu amrehemu.

Al-Balkhi aliyagawa maradhi ya nafsi mafungu manne: hasira, huzuni, hofu na wasiwasi. Sitayapitia yote, maana adhuhuri i karibu, na hasira mmekwisha kuisikia mara nyingi juu ya mimbari: aliyesimama akae, aliyekaa ajinyoshe, atie udhu. Nitashika mambo mawili.

La kwanza ni dawa ya akiba. Alisema, kama mwenye nyumba mwenye busara awekavyo dawa ndani kabla mtu hajaugua, kadhalika mtu aweke fikira njema moyoni mwake wakati ametulia, apate kuzitumia siku ya msiba. Kwa kuwa siku ya msiba yenyewe akili imetibuka, haitungi fikira mpya. Itatumia ile iliyokuta ghalani. Nawakumbusha Jumapili ile ya tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua. Wengi waliomo humu walikuwa na meza zao pale, na wengine walikuwa na deni la benki juu ya bidhaa zile zile walizoziona zikiwa moshi. Mali ya miaka ishirini ilikwenda kabla ya adhuhuri. Moto ulikuwa mmoja, lakini watu hawakutoka sawa. Wako waliokaa kitako miezi, wakaanza tena kwa kuuza nyanya chini. Na wako ambao mpaka leo miili yao inakwenda sokoni na nyoyo zao zimebaki katika majivu yale. Siwalaumu hawa wa pili hata kidogo. Nasema tu kuwa fikira kama ile ya kuwa mimi si duka langu, na kuwa riziki yangu haikuandikwa katika meza ile peke yake, haiji yenyewe ukiwa mbele ya moto. Huwekwa kabla. Madaktari wa Marekani, miongoni mwao Aaron Beck, waliijenga njia iliyo karibu na hii katika miaka ya 1960, ya kumfundisha mgonjwa aitazame fikira yake na kuisaili kabla ya kuiamini; na leo inafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia. Al-Balkhi alikuwa amekufa zaidi ya miaka elfu moja.

La pili, alisema huzuni ni aina mbili. Iko huzuni yenye sababu ijulikanayo, nayo hutibiwa kwa maneno, kwa rafiki, na kwa fikira. Na iko huzuni isiyo na sababu: mtu hana aliyefiwa naye, hana alichopoteza, na moyo umemfunga tu, hakuna kitu kimpendezacho. Hii aliona asili yake iko katika mwili, katika damu, na mwenye nayo apewe dawa za mwili pamoja na maneno mazuri. Uganga wa leo umebadilisha maelezo ya damu, lakini shina la usemi wake limesimama. Tunajua sasa kuwa tezi ya shingoni ikipungua kazi yake, mtu huweza kushikwa na huzuni nzito asijue imetoka wapi. Tunajua kuwa mwanamke aliyejifungua huweza kushikwa na huzuni hiyo ndani ya arobaini yake au baadaye, akamtazama mtoto wake asione furaha, akalia, akaona haya kumwambia mtu. Mama zetu, huyo hakuchukia mtoto wala hakurogwa. Ni mgonjwa, naye hupona akitibiwa. Na dawa za huzuni wapewazo watu hospitali hazifanyi kazi kwa siku mbili kama ya kichwa. Huchukua majuma kadhaa, na wengi huziacha katika juma la kwanza wakisema hazifai. Asiziache ila kwa ruhusa ya daktari.

Sisemi neno juu ya majini ila hili: kuwapo kwao kumo katika Kitabu, na kumsomea mgonjwa ni sunna. Lakini anayesomewa asizuiwe kwenda kwa tabibu, na anayesoma kwa kuchukua ng'ombe wa watu, na kumpiga mgonjwa ili jini limtoke, huyo hatukumkuta katika sunna.

Sasa turudi kazini. Katika hadithi sahihi imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zainab. Akichoka katika sala, huishika isije ikamwangusha. Akaamuru ifunguliwe, kisha akaagiza mtu aswali maadamu ana uchangamfu, na akichoka akae. Fikirini, ndugu zangu. Ile ilikuwa sala, kazi iliyo bora kuliko kazi zote, na aliyeifanya ni mtu wa nyumbani kwake mwenyewe. Hakumsifu kwa kamba yake. Nasi leo kila mmoja ana kamba yake. Mwingine kamba yake ni kahawa ya usiku na bangi ya alfajiri. Mwingine ni kuwapigia kelele wanawe kila jioni, apate nguvu ya kesho. Mwenye gereji afungaye saa tano za usiku kwa kuwa aogopa fundi wa jirani atamchukulia wateja, huyo yuko juu ya kamba. Kuifungua si uvivu. Ni amri tuliyopewa. Kulala saa za kutosha, kupumzika baada ya adhuhuri japo kidogo, kula pamoja na watoto, kuwa na siku ya kutembelea jamaa: haya ni mambo madogo kuyataja, na ndiyo ya kwanza mtu kuyaacha anapoelemewa.

Lakini kuna watu ambao kamba yao imefungwa na wengine. Nimesema deni limetajwa pamoja na huzuni. Wadeni wamo humu ukumbini, na wadai nao wamo. Qurani yaamrisha mwenye dhiki angojwe mpaka apate nafasi, na kumsamehe ni bora zaidi. Amri hiyo imeelekezwa kwa anayedai. Haikuelekezwa kwa anayedaiwa. Basi anayemtuma kijana kila asubuhi akapige mlango wa mwenziwe na kumtaja mbele ya majirani, ajue kuwa anaweka mkono wake katika moyo wa mtu. Na anayedaiwa naye asijifiche. Aende mapema, aseme ukweli, aweke ahadi ndogo atakayoitimiza.

Kuhusu shule, sisi walimu na wazazi tuna mengi ya kuulizwa. Mtoto wa Buyenzi huamka na Kiswahili, akaenda shule akafundishwa kwa Kirundi, halafu kwa Kifaransa, na jioni akaja chuoni kwa Kiarabu. Lugha nne kwa siku moja, na miaka yake saba. Mwenziwe wa bara ameanza shule kwa lugha ya mama yake. Kisha matokeo yakija, baba hulinganisha: mbona mtoto wa fulani? Mtoto huyu hakushindwa kwa uzembe. Amebeba mzigo ambao watu wazima wengi wasingeubeba. Nami nasema mbele ya walimu wa vyuo, kwa heshima zote, kuwa mtoto aliyetoka shule saa sita na tumbo tupu, akaja kwetu saa nane, akasinzia juu ya juzuu, hahitaji bakora. Ahitaji uji.

Na wale wa mtihani wa taifa: kukesha usiku kucha kabla ya mtihani kunaondoa zaidi kuliko kunavyoweka, kwa sababu yale mtu aliyoyasoma mchana hutulia akilini wakati wa usingizi. Mzazi amwambie mwanawe kabla ya matokeo, wala asingoje baada yake, kuwa nyumba hii ni yake akipasi na akianguka. Wako watoto ambao hofu yao kubwa si karatasi ya mtihani. Ni uso wa baba.

Bwana Mwenyekiti, nimefikia jambo lililonileta. Jumuiya yetu inajulikana kwa maziko. Mtu akifa Buyenzi saa tisa za usiku, kabla ya alfajiri sanda imepatikana, kaburi limepata wachimbaji, na wanawake wamekwisha kubandika masufuria. Hatuulizi kama marehemu alikuwa tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni aliyevuka ziwa juzi. Hata katika miaka ya vita vilivyoanza mwaka 1993 watu walizikana. Hii ni fahari yetu, na Mungu atudumishie.

Ila mtu yule yule, miezi sita kabla, alipoanza kukaa peke yake uani, hapana aliyempelekea hata sahani. Alipoacha kuja Ijumaa, tulisema amekuwa mtu wa dunia. Jamaa zake, kwa kuona haya, wakasema amesafiri. Je, hiyo ndiyo sunna? Siku ilipokuja habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka 629, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa sababu limewajia jambo la kuwashughulisha. Na Bibi Aisha, watu wake wakifiwa, wageni wakiisha kutawanyika na kubaki wenyewe na wa karibu, alikuwa akiamuru ipikwe talbina, ambayo ni uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa humstarehesha mgonjwa moyo wake na kumwondolea baadhi ya huzuni. Angalieni wakati aliouchagua: wageni wakiisha kutawanyika. Yaani saa ile ambayo sisi tumekwisha kurudi kwetu na kuosha masufuria.

Wala hospitali si jambo la kuonea haya. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Kairo mwaka 1284, hakuijenga nje ya mji ambako watu hawaoni. Aliijenga katikati ya mji mkuu, pamoja na madrasa, na penye kaburi lake mwenyewe. Na ndani yake wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao kama wagonjwa wa homa na wa macho. Huko Edirne, katika hospitali iliyojengwa na Sultani Bayezid wa pili mwaka 1488, wagonjwa wa namna hiyo walitibiwa pamoja na sauti ya maji na ya ala. Sisi hapa tunayo hospitali ya maradhi ya akili Kamenge, mwendo mfupi tu kwa gari, na kuna watu waendao huko wakiwa wamejifunika nyuso wasitambulikane na jirani. Waliomo humu waliokwenda wakapona wanajijua, siwaombi wasimame.

Kwa hiyo naleta mbele ya Halmashauri maombi matatu, nayo si ya fedha nyingi. Daftari la wagonjwa ambalo Katibu hulisoma kila Ijumaa baada ya sala, liingizwe pia wale ambao ugonjwa wao ni wa moyo, kwa idhini yao au ya jamaa zao, bila ya kutaja ugonjwa; ataka kuzuriwa, basi. Wanawake watano na wanaume watano wajitolee kuwa wazuru, watu wajuao kunyamaza, maana mgonjwa wa moyo hahitaji hotuba kama hii yangu. Ahitaji mtu akae naye, amsikilize, asirudie mtaani aliyoyasikia. Na mtu akisema kuwa ameyachoka maisha yake, au afadhali asingalikuwapo, asiambiwe astaghfiru kisha akaachwa peke yake. Mmoja akae naye, mwingine atafute gari, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na nauli yake itoke katika mfuko ule ule utoao sanda.

Mimi nimekwisha kuandika jina langu, na mke wangu ameandika lake. Karatasi iko kwa Katibu pale mlangoni, nayo itakuwapo mpaka baada ya Isha. Asiyejua kuandika atandikiwa. Yuko mtu barabara ya tatu kutoka hapa ambaye jamaa zake wamekubali azuriwe kesho baada ya Alasiri. Anapenda uji wa mchele, bila ya sukari nyingi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.